Kamera Iliyobadilishwa Uraia

Siku Swabra alipokwenda Muyinga, moyo wake ulidunda hata mbuzi wa Makebuko, ambako wala si njia yake, wakaacha kula na kuinua masikio. Nani atabisha? Mbuzi wako hai, waulizwe.

Swabra ni mpiga picha wa akina mama wa Kiislamu hapa Gitega. Katika chumba cha wanawake, shela zikishavuliwa, mwanamume hakanyagi. Anaingia Swabra na kamera yake. Sasa arusi ya Layla ilikuwa kesho, na kamera imegoma: kila picha nyeusi kama tako la chungu.

Garanti alikuwa nayo, karatasi safi ya duka la Othmani kule Muyinga. Kilichomtisha kilikuwa chini ya kamera. Pale awali palikuwa na kibandiko kilichosema imetengenezwa Thailandi, pamoja na namba yake. Lakini akina mama wetu hawatabasamu kabla ya kupindua chombo na kusoma kilikozaliwa, kama wanavyopindua sahani sokoni.

"Thailandi? We Swabra, si ndiko kunatoka mchele?"

Basi akakibandua, akampelekea kamera Shafii, mchonga mihuri, aandike JAPONI. Tangu hapo walitabasamu hadi magego.

Sasa, dukani Muyinga, Othmani akaipindua kamera. Akatazama karatasi. Akapindua tena.

"Dada, karatasi yangu inasema Thailandi. Hii iko ya Japoni. Na namba iko wapi?"

"Ilifutika."

"Ilifutwa na nini?"

"Jasho."

"Jasho! Jasho lako linajua kuandika Japoni?"

Wateja wakaangua kicheko. Othmani hakucheka. "Bon. Kamera bila namba iko ya wizi. Juzi tu wameiba ya jirani yangu."

Mteja mmoja akasogea, akaziba mlango.  Swabra alijiona amelala polisi, na Layla kule Gitega, hina mikononi, akimngoja mtu asiyekuja. Akatafuta uongo mwingine. Ulimi umekauka, uongo haukupata pa kutelezea.

"Kaka Othmani, mi ndiye nimekibandua kibandiko, Shafii mchonga mihuri akaandika Japoni. Niliogopa midomo ya wanawake."

"Wanawake wa Gitega!" Othmani akachomoa betri, akamulika kwa simu ndani ya kijumba chake. Mle pia namba ilikuwa imechongwa, ndogo kama mayai ya chawa. Akaisoma polepole, kidole kwenye karatasi, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Iko yenyewe. Itaenda kwa fundi, Bujumbura. Kwa arusi chukua hii ya duka, utairudisha. Na Shafii asiiguse!"

Swabra akashukuru, akaipindua. Uchina. Hofu ikampanda upya, ikakaa naye kwenye gari mpaka Gitega.

Kesho yake, chumba kizima kinanukia udi, shangazi yake Layla akanyoosha mkono kama kawaida. Akaichukua kamera, akaipindua, akaisogeza karibu na macho.

"Uchina?"

 "Uchina, shangazi."

 Bangili zote ziliacha kulia.

"Kama teremosi yangu," akasema shangazi. "Ile imezika waume zangu wawili, na chai yake bado iko moto." Akamrudishia, akaweka bangili sawa, akainua kidevu.

"Piga basi. Unatetemeka nini?"