Siku Kedresi Alipopanda Kumwona Biseeso

Kedresi alikuwa amekaa kijijini Ruhija tangu alipoolewa, nyumba yake imepakana na msitu kiasi kwamba asubuhi ukungu uliingia jikoni kabla ya jua, na hajawahi kumwona gorila hata mmoja. Nyani ndio, hao alipigana nao kila msimu wa viazi. Lakini gorila aliwasikia tu kwa mumewe, Tibesigwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoka alfajiri na panga na redio ya mkononi, kufuata nyayo mpaka apajue walipo, kisha kuwaita wenzake walete wageni, watalii wa kuwatazama.

Kazi hiyo aliifanya mpaka kichwa kikawa cheupe. Iwe mvua, iwe Krismasi, iwe siku ya ubatizo wa binti yao, Tibesigwa yuko msituni. Na akirudi, hadithi zilikuwa zile zile. Leo Biseeso kachuna gome la mti kaninyima. Leo Biseeso kambeba mtoto wa mwenzake kutwa nzima. Biseeso alikuwa gorila jike aliyekatwa kidole na mtego wa waya, na Tibesigwa ndiye aliyemnusuru.

"Mke mwenzio hajambo?" wanawake walimtania Kedresi kisimani.

"Hajambo, na leo ndiyo zamu yake," alijibu. Wakacheka, naye akacheka. Akifika nyumbani na dumu lake la maji, hapakuwa na wa kucheka naye.

Tibesigwa alikufa kwa homa ya mapafu wakati watu wanavuna mtama. Binti yao alikuja kutoka Ntungamo alikoolewa, akakaa hadi matanga yakaisha, akarudi kwa watoto wake. Majirani nao walikuja wengi, kisha wachache, kisha wakawa wanapungia mkono kutoka njiani. Kedresi akabaki na kuku wake na kimya. Na katika kimya hicho likamjia jambo ambalo hakuwahi kuliwaza mume akiwa hai.

"Nimeishi na mtu mpaka tumezeeka," alimwambia jirani yake Mauda, "na sijui alikokuwa akishinda."

"Si alikuwa porini?"

"Porini wapi?"

Mauda akazungusha mkono, akaonyesha msitu mzima.

Jumapili moja baada ya ibada alipita Nkwasibwe, kiongozi wa wageni, aliyefanya kazi na Tibesigwa tangu ujana. Kedresi akamtilia bushera, uji wa mtama, kwenye kikombe, akamwacha anywe, kisha akasema, "Shemeji, nataka kwenda kumwona Biseeso."

Nkwasibwe alikiangalia kile kikombe kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kikombe kuangaliwa. "Kule ni kupanda, shemeji. Nimeona vijana wa Ulaya wakikaa chini na kulia."

"Kwani mimi nalima bondeni?"

Hapo hakuweza kubisha, kwa sababu shamba la Kedresi lilikuwa mteremko ambao mbuzi wenyewe waliukanyaga kwa adabu. Akaahidi kwenda kuzungumza na mkuu wake. Akazungumza, na kwa heshima ya marehemu akapewa nafasi moja, wakati wa masika, wageni wanapokuwa haba.

Ndipo wakaanza kuipanga safari. Nkwasibwe alifika na ushauri kila mara alipopita. Soksi ziwe ndefu na suruali iingizwe ndani yake, siafu hawana huruma. Apate fimbo. Achukue maji na viazi vya kuchemsha. Kedresi, ambaye hakuwahi kuvaa suruali maishani, alitoa ya marehemu sandukuni, akaipunguza miguu kwa sindano, akaijaribu mlango ukiwa umefungwa.

"Na zaidi ya yote, usije na mafua," Nkwasibwe alisisitiza. "Ukipiga chafya langoni mwa hifadhi, safari imekwisha. Mafua yetu sisi, kwao ni kifo."

Kuanzia hapo Kedresi akajitunza kama anayelalia mayai. Kanisani hakwenda, maana wanakwaya walikuwa wanakohoa. Mikono ya watu hakuishika. Yeye aliyekuwa akisikiliza nyayo za wapita njia, akitamani ziingie kwake, sasa mtu akikaribia ua anampigia kelele asimame hapo hapo.

"Yaani unatukimbia sisi kwa ajili ya nyani?" Mauda alipaza sauti kutoka njiani.

"Si nyani hao!"

"Haya bwana! Baki na wakwe zako wa porini!"

Akasikia kicheko chake hadi kwenye kona. Kilipokwisha, hakukuwa na sauti nyingine hadi jioni.

Siku ilipofika walikusanyika langoni, wageni sita na Kedresi. Mama mmoja wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe kama zake, alimsogelea akasema maneno.

"Anauliza unatoka mbali?" Nkwasibwe akatafsiri.

Kedresi akanyoosha fimbo kuonyesha bati la nyumba yake chini ya kilima. Yule mama akacheka sana, akidhani ni utani.

Wakapanda. Wafuata nyayo walikuwa wametangulia, na redio ilikoroma mara kwa mara kiunoni mwa Nkwasibwe. Njia ilikuwa tope na mizizi, upupu ukiwawasha mikono. Wageni walihema, mmoja akaanguka, lakini Kedresi alikwenda tu, akitazama huku na huku. Hapa ndipo alipokanyaga Tibesigwa. Hapa huenda alikaa akala viazi nilivyomfungia. Alitaka kuuliza, lakini kila alipomwita Nkwasibwe, huyo alikuwa na mgeni wa kumshika mkono.

Wakawakuta kwenye uwazi, katikati ya majani yaliyolalishwa. Wote wakavaa barakoa, wakasimama mbali kidogo. Dume kubwa lenye mgongo mweupe lilikuwa limelala kifudifudi kama mlevi. Mmoja wa wafuata nyayo akakoroma kooni, mara mbili, polepole, kuwajulisha kwamba wamekuja kwa heri, na Kedresi akageuka upesi kumtazama. Ule ulikuwa mkoromo wa Tibesigwa akiingia nyumbani jioni. Miaka yote alidhani ni kikohozi cha baridi.

Alipotulia akaanza kuangalia mikono ya majike. Mmoja alikuwa akichambua shina, vidole vyote. Mwingine akimkuna mtoto, vidole vyote. Saa moja waliyoruhusiwa ikaisha hivyo, wageni wakipiga picha, yeye akitafuta mkono.

"Yuko wapi?" akanong'ona.

Nkwasibwe aliwaacha wageni wateremke na mwenzake, akavua barakoa. "Shemeji, nisamehe. Biseeso alikufa. Masika ya mwaka juzi."

"Na ulikaa kwangu ukanywa bushera yangu, hukusema?"

"Nilijua nikisema hutakuja. Halafu mumeo alitukataza. Alikaa naye siku mbili kwenye mvua mpaka yule mnyama akakata roho. Akalia, shemeji. Akatuambia tusilitoe jambo hili nje, mtamcheka kule kijijini."

Masika ya mwaka juzi. Kedresi aliikumbuka vizuri. Ndiyo masika ambayo Tibesigwa alirudi akakaa na koti lake lililolowa, akasukuma sahani, akalala ameelekea ukutani usiku baada ya usiku. Kedresi akaamini kuna mwanamke mjini Kabale. Alimwambia, kama umenichoka sema. Akajibu, sijakuchoka, Kedresi, basi. Wakakaa mwezi mzima hawasemezani, kila mmoja na lake.

"Mlimzika?"

"Si mbali na hapa."

Palikuwa chini ya mti mkubwa wenye kuvu. Majani yalikuwa yamefunika kila kitu, usingejua kuna kitu.

"Mumeo ndiye aliyekuwa akipapalilia," Nkwasibwe alisema. "Sisi wengine... kazi nyingi."

Kedresi akapiga magoti.

"Shemeji, humu hairuhusiwi kung'oa kitu."

"Basi geuka kule."

Nkwasibwe akageuka. Kedresi akang'oa kwa mikono, jani moja moja, akikung'uta mizizi kama afanyavyo kwenye viazi, mpaka udongo mweusi ukaonekana. Wivu hakuuona popote moyoni. Aliona hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya Tibesigwa.

"Ungeniambia tu," akasema chini kwa chini. "Ningekucheka siku moja. Kesho yake ningekupikia."

Mvua ikaanza, wakateremka. Mauda alikuwa amesimama njiani, gunia kichwani la kujikinga, akimsubiri.

"Umewaona? Wakoje?"

"Wakubwa. Wanakula, wanajikuna."

"Basi? Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo."

Mauda akaona hakuna jingine, akaenda zake. Kedresi akaingia ndani, akabandika maji, akakaa karibu na moto na tope lake magotini. Habari alikuwa nayo, ndefu, tangu langoni hadi chini ya ule mti, na mtu pekee ambaye angetaka kuisikia yote alikuwa Tibesigwa.