Neno Bosi na Mama wa Moiben

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la nane, na kuandika kwangu ni kwa pole pole.

Jirani yetu ni mzee aliyekuwa karani, na ana kamusi nene ya Kiingereza. Wiki jana alinisomea neno ambalo kila mtu hapa Eldoret analo mdomoni: bosi. Alisema lilitoka kwa Waholanzi, ambao bwana wa kazi walimwita "baas", na kuna wanaodhani zamani zaidi lilikuwa na maana ya mjomba. Tena Kiingereza kina bosi nyingine, kile kinundu cha katikati ya ngao. Siku hizi muuza mitumba anamwita mteja bosi, na mteja naye anamwita muuzaji bosi.

Mimi lilikuwa linanishinda. Kwenye njia panda tunaposubiri kibarua cha kuvuna mahindi, gari likisimama wenzangu huita bosi, bosi, nami nabaki nyuma kwa haya. Siku tatu sikupata kazi. Dada yangu mdogo, ninayeishi naye tangu mama afariki, alikuwa amekunywa chai ya rangi tu tangu jana yake.

Siku ya nne pikapu iliyotoka Moiben, kwenye mashamba ya mahindi, ikasimama. Nilikimbia wa kwanza hadi kwa mwanamume aliyeshika usukani.

"Bosi, niandike," nikasema.

Akacheka. "Kijana, hata mimi nimeandikwa. Shamba ni la huyo mama."

Mama alikuwa ameshuka upande wa pili, amevaa gambuti, zile buti za mpira, akisalimia watu kwa mkono. Aligusa viganja, na mwenye sugu aliambiwa apande. Mimi nina sugu. Lakini nilikuwa nimempita, na nilipomrudia alikuwa ameshapata watu kumi aliowataka.

"Habari ya asubuhi, Mama."

"Saa hii ndiyo umeniona?" akasema. "Ulinipita kama gunia."

Waliopanda wakacheka. Nilitaka kumwambia habari ya dada yangu, mdomo ukakataa. Gari likaondoka.

Nyumbani nilimkuta dada ameshabandika maji ya ugali, akijua nitakuja na unga. Aliniangalia mikono, kisha akaepua sufuria.

Kesho nitarudi njia panda, na sijui nitaanza vipi. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuomba kazi ukapewa, tafadhali niandikie uniambie ulisema nini.