Aliyenizuia Kufuta Kompyuta ya Shule

Ukitaka kubisha, bisha, nimeshazoea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mtu wa mashetani, na haya yalinikuta mchana kweupe, Jumapili, pale Ruangwa, miaka ya elfu mbili na kitu.

Nilikuwa nimehamishiwa huko kutoka Bukoba. Sina ndugu, sina rafiki. Jumapili ilikuwa inaisha sijatamka neno. Basi nikashinda na kompyuta ya shule, iliyotumia mfumo wa Linux. Jana yake nilikuwa nimerudisha faili za mfumo kutoka diski ya akiba, na tangu hapo ikakataa nywila zote, hata zilizo sahihi. Ndani yake kulikuwa na orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne, iliyotakiwa wilayani kesho yake. Asiyemo hafanyi mtihani.

Nikachoka. Nikaamua moyoni nifute kila kitu, asubuhi niandike upya majina ya watakaokuwepo darasani. Atakayekosa, shauri yake.

Mzee mmoja akapiga hodi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Binti yangu Somoe, wa kidato cha nne, yuko Nandagala, anamuuguza mama yake. Asubuhi hatakuwepo."

Niambie, alijuaje? Sikuwa nimemwambia mtu.

Akauliza faili nilizitoa wapi. Nikamweleza. Akacheka kidogo.

"Mwalimu, kwetu mtoto akitoka jandoni ana jina jipya. Ukimwita la zamani haitiki. Hizo zako umezirudisha na majina ya huko zilikotoka. Zipe ya hapa."

Lebo za usalama! Programu inayolinda mfumo husoma lebo ya kila faili, na zangu zilikuwa na za kule diskini. Nikawasha kwa hali ya dharura, nikaandika amri ya kurudisha lebo sahihi, restorecon -Rv /etc. Mistari ikateremka, lebo moja baada ya nyingine zikirekebishwa. Nikawasha upya, nywila ikakubali.

Akaniomba nimsomee jina la Somoe. Nikasoma. Akaomba tukae kidogo tuzungumze. Nikamjibu nimechoka, nafunga ofisi. Akaondoka.

Somoe aliporudi nikamwambia baba yake alikuja. Akalia. Baba yake walimzika kabla ya msimu wa korosho uliopita.

"Alikaa?" akaniuliza.

Nikamdanganya. Nikasema tulizungumza mpaka jua likazama.

Niamini, uongo ule unaniuma kuliko woga. Siku hizi niko Nachingwea, Jumapili zangu bado ni ndefu, na hakuna anayepiga hodi. Wewe mgeni akikuomba akae kidogo, mpe kiti. Usiulize ametoka wapi.