Jumapili Niliyopandisha Michoro Juu Kabisa

Ile kompyuta niliijenga kwa miaka miwili, kipande kwa kipande. Kasha lilitoka kwa ofisi moja mjini iliyokuwa inafungwa. Kadi ya graphics, ambayo ndiyo inayobeba kazi kubwa kwenye mashine ya kuchezea gemu, niliipata ikiwa imetumika, feni yake moja ikilia kila inapozunguka. Wakati huo niliishi Kibera, upande wa Kisumu Ndogo, kwenye chumba kimoja cha mabati. Mchana nilikuwa nachomelea mageti kwenye karakana moja Kawangware. Nikirudi jioni, nikishanawa masizi, nilikaa mbele ya ile mashine, na kwa saa moja au mbili hakuna mtu aliyeniagiza kitu.

Mwaka huo ikatoka gemu mpya. Ni ya mtu anayevuka nchi ya milima kwa miguu, na mvua karibu haikatiki. Kwenye video za watu niliona kwamba ukipandisha michoro hadi ngazi ya mwisho, ile inayoitwa Ultra, unaliona tone likiteremka kwenye jani, na kivuli cha jani kikitikisika majini. Niliitazama hiyo video mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema bila aibu.

Pale karakana tulikuwa wawili wenye kupenda gemu. Mwenzangu alizaliwa papo hapo Kawangware, babake ana ploti ya kupangisha, na mashine yake ilikuwa inaishinda yangu kwa mbali. Alisoma mahitaji ya ile gemu kwenye simu, tukiwa tunakunywa chai ya saa nne.

“Yako itaicheza, lakini si kwa Ultra,” akasema. “Weka katikati tu, buda, na ushukuru Mungu.”

“Kadi yangu inatosha.”

“Kadi inatosha. Je, stima ya huko kwenu?”

Alicheka bila ubaya wowote. Mimi iliniuma.

Stima ya kwetu ilikuwa ya sambaza. Jamaa mmoja alivuta waya kutoka kwenye nguzo, akaisambaza kwa milango minane, na sisi tunamlipa yeye. Mtu akichomeka pasi, balbu yangu inafifia. Gemu nilipoipata niliiweka katikati, ikacheza vizuri. Nikaipandisha hadi Ultra. Dakika kumi hazikuisha, mashine ikazimika. Nikajaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata, ikawa vilevile. Nikajua mashine haina kosa. Waya ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Nyuma ya chumba cha jirani yangu ilipita waya nyingine, nene, iliyokwenda kwenye kinu cha kusaga unga. Huyo jirani alikuwa mama mwenye kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale mdomoni mwa kichochoro, akiishi na binti yake aliyekuwa kidato cha nne. Mimi na wao tuligawana ukuta. Nikichelewa kuwasha jiko, alikuwa anaugonga: “Baba, umekula?” Alinipakulia mara nyingi. Ndani ya chumba chake alikuwa amebandika katoni kwenye mabati ili kuzuia baridi, kama tulivyofanya karibu wote.

Jumapili moja asubuhi, yeye na binti walipokwenda kanisani, nilipanda juu ya pipa la maji nyuma ya chumba chake. Kinu kilikuwa kimefungwa. Nikaichuna ile waya nene, nikaunga yangu. Tepu ya stima ilikuwa imeniishia, nikafunga kiungo kwa karatasi ya nailoni na uzi, nikakisukuma ndani ya upenyo wa bati kisionekane. Mimi ni fundi. Najua kiungo kilicholegea kinapata moto. Nilijiambia kesho nitakuja na tepu kutoka kazini nikifunge vizuri.

Nikarudi ndani, nikavaa hedfoni, nikapandisha kila kitu hadi juu. Vivuli, maji, majani, ukungu. Kwenye kona ya skrini kulikuwa na namba inayoonyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde. Ilisimama kwenye sitini na haikushuka. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia mwenzangu: “Ultra. Sitini. Haishuki.”

Akajibu: “Wacha! Kwani stima yenu imeokoka?”

Nilicheka peke yangu. Nilipanda mlima mzima kwenye ile mvua. Baadaye nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kwetu hakuna siku mtu hachomi taka, kwa hiyo nikasema ni taka, nikaendelea. Harufu ikazidi, nami nikaendelea. Nilitaka kufika kwenye daraja nione mto ukiwa umefurika.

Picha ikaganda, kisha skrini ikawa nyeusi. Nilipovua hedfoni nikasikia mlio wa kitu kinachotatarika nyuma ya ukuta, na moshi ulikuwa unaingia kwa juu.

Nilichofanya kwanza ndicho ambacho sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilichomoa mashine, nikaibeba kifuani, nikapita kichochoro chote hadi kwenye bomba la maji, nikaiweka chini juu ya jiwe kavu. Ndipo nikapiga nduru.

Watu walikuja wakikimbia na mchanga, na maji ya mtaro. Jamaa wa kinu akaikata waya kwa plaizi yenye mpira. Tukaangusha mabati ili moto usihame, ukaishia kwenye vyumba viwili. Hakuna aliyeumia. Chumba changu kilipoteza nusu ya paa. Cha yule mama kiliisha, na kiungo changu kikaungulia humo.

Alifika akiwa na nguo zake nyeupe za kanisa. Hakulia. Binti yake ndiye aliyeingia kwenye majivu kutafuta madaftari, na mtihani wake ulikuwa umebaki wiki tatu. Mtu mmoja akatoa jiko la koili, lile la kupikia kwa stima, kutoka kwenye vile vilivyoungua, akaliinua kila mtu alione.

“Ndiyo hii,” akasema.

Mwenye nyumba alikuwa amefika. “Mama, mimi nilikataza koili. Mara ngapi?”

“Nilizima,” yule mama akasema. “Yawa, jamani, nilichomoa hata waya yake. Nilichomoa kabisa.” Akatugeukia mmoja mmoja, hadi akanifikia. “Baba, wewe ulikuwa hapa. Uliona nini?”

“Nilikuwa nimevaa hedfoni, mama,” nikasema. “Sikusikia kitu.”

Kila neno hapo ni kweli. Ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi.

Mwenye nyumba alimwambia ahame, na hakuna jirani aliyemtetea. Alikwenda Silanga, upande mwingine wa Kibera, kwa dada yake. Mimi nilipata chumba kwenye ploti ya babake mwenzangu kule Kawangware, chenye mita yake, stima ya halali. Mashine iliwaka mara ya kwanza tu nilipoichomeka. Gemu ikacheza kwa Ultra bila kusita. Nilicheza siku mbili, nikaacha. Kila nilipoanza kupanda ule mlima nilivua hedfoni na kunusa hewa.

Mwishowe nikamweleza mwenzangu. Aliweka chini kinyago chake cha kuchomelea.

“Lakini koili ilikuwa mule ndani,” akasema. “Huwezi kujua.”

Nililishikilia hilo “huwezi kujua” kwa miezi mingi. Ni kweli hakuna aliyepima. Lakini moto ulianzia juu, kwenye upenyo wa bati, na jiko la koili lilikuwa sakafuni. Hilo niliweza kulijua tangu ile dakika ya kwanza.

Nilikwenda Silanga Jumamosi moja asubuhi. Nilimkuta kwenye meza ndogo karibu na bwawa, akikata mboga za sukuma za kuuza. Kuuza omena alikuwa ameacha. Alifurahi kuniona, akanivutia kigoda. Nikakataa kukaa, nikamwambia yote nikiwa nimesimama: waya, nailoni, harufu, mashine niliyoitoa kabla ya kupiga nduru.

Kisu chake kilisimama.

“Ulikuwa unatafuta kuona nini?” akauliza.

“Mvua, mama. Mvua ya kwenye gemu.”

Alinitazama usoni, akaona sitanii.

“Mtoto wangu hakuniamini,” akasema. “Hao wengine, sawa. Lakini yeye pia alisema, mama, ulisahau. Alifanya mtihani na vitabu vya kuazima, ukamwangusha, na mpaka leo ananiambia ni koili.” Akapangusa mkono kwenye leso, akatoa simu, akapiga, akanipa. “Yuko Kisumu kwa shangazi yake. Mwambie.”

Nikamweleza binti mambo yaleyale. Hakunikatiza.

“Nipe mama,” akasema.

Yule mama alichukua simu, akanipa mgongo, wakaongea Kijaluo muda mrefu. Mimi ni Mluhya, nilishika neno moja moja tu. Mara moja nilimsikia akivuta kamasi. Alipomaliza alirudi kwenye sukuma yake.

“Nitakutengenezea kibanda cha chuma,” nikasema. “Na mlango wenye kufuli.”

“Usinitengenezee kitu. Nenda uwaambie wale waliokuwa wamesimama pale.”

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi Kisumu Ndogo. Mwenye nyumba alinisikiliza akiwa mlangoni kwake. “Hayo yaliisha,” akasema. “Vyumba nilishajenga, vina watu.” Nilipomwambia nataka kuwaeleza majirani, akainua mabega, akaingia ndani.

Nikabisha mlango kwa mlango. Jamaa wa kinu alinikumbuka. Alinitukana, na nikamwacha amalize. Waliobaki karibu wote walikuwa wapangaji wapya. Walinisikiliza kwa heshima, watoto wao wakichungulia nyuma yao, na nilipomaliza wakaniuliza huyo mama ni nani.