Mstari Nilioruka

Rula ya mbao ikigonga meza hutoa mlio mkavu, mfupi, usio na mwangwi. Wiki tatu zilizopita, katika chumba cha kusomea nyaraka, mtu wa meza ya jirani aliiangusha yake, nami nikashtuka kama mtoto aliyefumaniwa. Mlio huo niliujua tangu nikiwa na miaka kumi. Ulikuwa wa baba.

Tulikuwa tumefika Durban kutoka Bukavu mwishoni mwa miaka ya tisini, tukaishi ghorofa ya saba, mtaa wa Albert Park. Baba, aliyekuwa mwalimu wa historia kwetu, siku za kazi alilinda magari ya watu. Jumamosi tulipanda mtaa wa kilimani wa Berea kwa mzee mmoja Mzungu, mpima ardhi mstaafu, aliyeandika historia ya chaguzi za jimbo la mashambani ambalo babu yake aliliwakilisha katika bunge la koloni. Alilipenda jimbo lile kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Alitusimulia jinsi wagombea walivyoahidi daraja lilelile katika kila uchaguzi, na jinsi watu walivyoendelea kuvuka mto kwa miguu.

Kazi yetu ilikuwa daftari la wapiga kura. Marehemu mkewe alilinakili kwa mkono miaka mingi nyuma, akaandika jumla ya majina chini ya kila ukurasa. Mzee hakuwahi kulipitia tena, kwani mwandiko ule ulimtia majonzi. Mimi nilisoma kwa sauti, baba akapiga taipu. Vidole vyake vilijifunza kwenye mashine ya Kifaransa, yenye herufi zilizopangwa tofauti, hivyo wakulima wengi waheshimiwa walitoka na q mahali pa a. Ndiyo maana kila ukurasa ulipokwisha alishuka na rula, mstari kwa mstari, akihesabu. Penye kosa aligonga meza.

Orodha ilichosha. Jina, shamba, kazi: mkulima, mkulima, mfua chuma, mkulima. Alasiri moja nilifika kwenye mstari uliosema Filemon Xaba, mkulima. Nilijua jina lile la Kizulu linatamkwaje, kwa ule mlio wa ulimi pembeni mwa kinywa, kwa sababu wenzangu shuleni walizoea kunisimamisha uwanjani wakinitaka niutoe. "Sema tena, kwerekwere," walisema, kwa tusi lao la wageni, na nikisema wanaangukiana kwa kicheko. Dakika hiyohiyo Mama Dudu, Mzulu aliyefanya kazi katika nyumba ile, aliingia na sinia ya chai, akasimama kusikiliza.

Niliuruka mstari. Ukurasa ulipokwisha, rula ikagonga.

"Iko moja inapungua, mama," baba alisema. Aliniita mama, kama watu wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Papa, yule bibi wa muzee alihesabu na kichwa cha orodha."

Alinitazama. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, angeweza kuichukua bila hata kuinuka. Hakuichukua. Alimgeukia mzee, akamweleza kwa Kiingereza chake cha kupimapima kwamba jumla ilizidi kwa moja.

"Una hakika?"

"Huyu mtoto hakosei."

Mzee akaikata namba ya mkewe kwa penseli, taratibu, kama anayemwomba radhi. Mama Dudu alimimina chai. "Eish, kazi hii ya majina," alisema, "hata mimi ningelala."

Kijitabu kilichapishwa, na orodha nzima mwishoni. Katika shukrani limo jina la baba, na sijui mahali pengine katika nchi hii ambapo limewahi kuchapwa, ukiacha karatasi za ukimbizi. Nakala yake anaihifadhi kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki. Katika kijitabu hicho mzee aliandika kwamba hakuna Mwafrika aliyewahi kuwa na kura katika jimbo lile. Watafiti wameinukuu sentensi hiyo. Nami nimeinukuu, katika sura ya pili ya tasnifu yangu, nikiwa nimesahau, au nikiwa nimejizoeza kusahau. Nimechoka kutafuta tofauti. Siku ile rula ya jirani ilipoanguka, daftari la asili lilikuwa wazi mbele yangu, na Filemon Xaba alikuwa mahali pake.

Mwafrika katika koloni lile alilazimika kuomba kwanza atolewe chini ya sheria ya wenyeji, kisha aombe tena apewe kura. Mtu yule alivuka yote hayo, nami nikamwondoa kwa kumwogopa mwanamke ambaye hakuwa akicheka. Ambaye, lau ningelisoma jina lile, pengine angeiweka sinia chini, amsikilize mtu wa kwao akitajwa. Na kwa miaka mingi niliamini kwamba baba hakuichukua karatasi kwa sababu alikiamini Kiingereza changu. Lakini mwalimu wa historia haachi waraka bila kuutazama. Alikuwa ameuona uso wangu.

Wiki tatu niliandika maneno ya kumwambia, nikayahariri kama sura ya tasnifu, nikayafuta. Leo mchana nilipiga simu bila karatasi.

"Papa, ile Jumamosi kwa muzee. Hesabu ya yule bibi ilikuwa sawa."

 Nikasikia mlango wa kabati, na mfuko wa plastiki ukifunguliwa.

"Najua, mama," alisema. "Niko na kalamu. Sema jina lake polepole."

Nikalisema, pamoja na mlio wake.