Shingo Waliyoibonyeza Wapate Bahati

Saa mbili asubuhi, kwenye soko la mitumba, mwanamke aliyekunja mikono ya blauzi amesimama juu ya meza ya mbao. Ana koti mkononi, na sauti yake inafika hadi kwa wauza ndoo.

"Haya sogeeni, wateja wangu. Ukivaa hili, hata aliyekuacha atapiga simu."

Chini ya meza yupo mumewe, anampitishia nguo moja moja. Bei anaionyesha kwa vidole, mkewe anaitangaza.

Mume huyo wenzake wanamwita Spika. Jina alilipata enzi ambazo yeye ndiye alikuwa juu ya meza, na akitaja bei lango la mbele, wa lango la nyuma wanatoa mifuko. Leo ukitaka kumsikia lazima umtegee sikio, na kila baada ya sentensi mbili anapiga funda la maji, kwa kuwa mionzi ya hospitali imemkausha mate.

"Zamani nilikuwa naita watu, siku hizi nawanong'oneza," anasema. "Mke wangu anasema hatimaye nyumba imetulia."

Anacheka mwenyewe. Mkewe hacheki.

Miaka miwili iliyopita Spika alitokwa na kivimbe upande wa kushoto wa shingo, chini ya taya. Hakikuuma. Kwa wanadi wa soko hili, shingo ikivimba ni dalili kwamba sauti imekomaa. Wakamchua kwa mafuta ya moto, wakampongeza. Muuza viatu wa meza ya jirani akasema Spika sasa amewekewa betri.

Utani ukanoga mpaka ukawa desturi. Kila robota jipya la nguo lilipofika, kabla halijakatwa kamba, wanadi walipita mmoja mmoja kuibonyeza ile betri wapate bahati ya mauzo.

Msomaji, soma tena hapo. Watu wazima walikuwa wanapanga foleni kubonyeza saratani, huku mwenye shingo anawainamia ili waifikie vizuri.

"Siku biashara ikichanganya wananiletea soda," anasema Spika. "Nikawa naringa nayo."

Aliyemshtua ni mteja, muuguzi aliyekuja kutafuta koti la mvua. "Alirudisha koti mezani, akaniuliza hiki kina muda gani. Nikamwambia hiyo betri, dada yangu, bonyeza na wewe. Alinikazia macho, akaniambia niende hospitali. Nikaogopa."

Hospitali walimkuta na saratani iliyoanzia kwenye tonsili, kooni, na kuhamia kwenye tezi za shingo. Spika havuti sigara na pombe hanywi. Daktari akamwambia imesababishwa na virusi vya papiloma, maarufu kama HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi.

"Nikamwambia, daktari, umechanganya mafaili. Mimi mlango wa kizazi nitautoa wapi? Hata dirisha sina."

Mafaili hayakuwa yamechanganywa. Daktari alimweleza kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana, hata kwa mdomo. Watu wengi huvipata wakati fulani maishani, na mara nyingi mwili huvifukuza bila mtu kujua. Kwa wachache hujificha miaka na miaka. Kwa mwanamume vinaweza kuleta vinyama viitwavyo masundosundo sehemu za siri, au saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa, au ya koo kama yake. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi, kwa sababu haifuniki ngozi yote. Chanjo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi mtu akiipata kabla hajaanza mapenzi.

Habari hiyo nusura ivunje ndoa. Mkewe hafichi.

"Aliponiambia vinapatikana vipi, nilimuuliza swali moja tu: umevitoa wapi? Nikachukua mkoba, nikaenda kwa dada yangu."

Alirudi baada ya kuonana na daktari mwenyewe na kuambiwa kuwa hakuna kipimo kinachoweza kusema nani alimwambukiza nani, wala lini. Inawezekana mume alikuwa navyo kabla hawajajuana. Inawezekana vilitoka kwake yeye.

"Nilishamhukumu mtu, kumbe hata mimi ni mshtakiwa," anasema. Akapimwa mlango wa kizazi, akakutwa salama.

Mionzi ilipoondoka na sauti ya mumewe, akapanda yeye mezani kunadi, maana watoto lazima wale. Lakini alitoa sharti: sokoni usitajwe ugonjwa wala kilichouleta. "Watu wana midomo. Watasema mume wangu malaya, au mimi." Soko zima likaamini Spika aliumizwa koo na kelele zake mwenyewe.

Sharti hilo limemnyima Spika usingizi. Wana mapacha, wa kike na wa kiume. Binti alipata chanjo hiyo shuleni, na kaka yake akarudi nyumbani anamcheka kwa kuchomwa sindano. "Wanaume wote hapa wanajua hayo ni mambo ya wanawake, kama nilivyojua mimi," ananong'ona. "Nataka kuwaambia. Sauti sina, na mwenye sauti amekataa."

Tukiwa bado tunazungumza, robota jipya linashushwa. Wanadi wanajikusanya, lakini kwa Spika hawaji. Wanaelekea kwa muuza viatu. Anainama, anashusha kola, na mmoja baada ya mwingine wanambonyeza kivimbe chini ya sikio.

"Betri imehamia kwake," mmoja ananieleza kwa furaha. Nilidhani nasimuliwa mambo yaliyokwisha.

Spika anainuka kwenye kigoda, anajaribu kuwapigia kelele. Inatoka pumzi, kisha kikohozi. Hakuna anayegeuka. Juu ya meza mkewe ameona yote. Anamtazama mumewe, anatazama ile foleni, anaweka shati chini.

"Jamani, acheni kumbonyeza huyo," anasema, na hii si sauti ya kunadi. "Ya mume wangu haikuwa betri. Ilikuwa saratani, na haikuletwa na kelele. Imeletwa na virusi tunavyoambukizana kitandani. Msiniulize nani alimpa nani, hata daktari hajui. Shemeji, funga meza, uende hospitali leo."

Kijana ambaye ilikuwa zamu yake anautoa mkono taratibu, anaufuta kwenye suruali.

"Kwani na mwanaume anapata?" mzee anayeuza mikanda anauliza.

"Huyu hapa chini unamwona ni nani?"

Muuza viatu amekaa juu ya viatu vyake, kashika shingo kwa mikono miwili. Spika anamwendea, anamnong'oneza, kisha wanaondoka pamoja. Nyuma yao wanaume wanamzunguka mke wa Spika wakiuliza chanjo ya vijana wao inatolewa wapi. Yeye na mumewe walishapanga: Jumamosi hii wanampeleka pacha wa kiume akachanjwe.

Makala haya yanakwenda mitamboni majibu ya muuza viatu hayajatoka. Spika anasema siku yakitoka ataingia naye chumbani kwa daktari, kwa sababu ya kwake aliyapokea akiwa peke yake.