Sahani za Mama Zilpa

Watu wa kwetu hawawezi kuona mtu akipunguza mwili wakanyamaza. Ukinenepa wanakusifu. Ukikonda wanauliza nani amekuroga. Hiyo upuzi ilitaka kuniulia mama.

Mamangu Zilpa ameuza samaki ya kukaanga pale Burumba tangu nikiwa mdogo. Kazi ya kukaa mbele ya karai kutwa nzima, unaonja hii, unaonja ile, chai sukari vijiko vinne. Akawa mkubwa, na hakuna mtu alisema kitu. Halafu uvimbe ukaota ndani ya tumbo. Novemba ya sitini na saba nikambeba na baiskeli yangu, hii nabebea watu kutoka mpaka huu mpaka mpaka ule, hadi kwa daktari.

"Ratili mia mbili na kumi na mbili," daktari akasema. "Mafuta yote hii, kisu changu kitapotea. Rudi tarehe tano Januari. Ukizidi mia na tisini na tano, sikupasui."

"Na Krismasi, daktari?"

"Krismasi ni yako, mama. Tumbo pia ni yako."

Huyo mama alikaza roho, wacha nikwambie. Chai kavu. Ugali ya ngumi moja, mboga ya mrenda, basi. Akakataa hata baiskeli yangu, akatembea na karai kichwani. Kila Jumamosi tulienda stoo ya pamba, na karani Oluka akishamaliza magunia anampima mama kwa ile mizani.

"Pamba ya leo imekauka vizuri," Oluka alikuwa anamtania.

Jumamosi kabla ya Krismasi, mia na tisini na saba. Zilibaki ratili mbili!

Krismasi tukaenda Bukhayo kwa Senge Roselida, dada ya marehemu baba. Hatujakaa vizuri, ameanza.

"Zilpa! Shingo imeenda wapi? Kwani huyu kijana wako anakula peke yake?"

"Daktari ndiye amesema, mulamu," mama akamjibu wifi yake pole pole.

"Daktari amezaliwa wapi huyo? Kula!"

Akamwekea kuku, supu mafuta inaelea juu, chapati tatu. Mama akala kidogo kwa heshima, akasukuma sahani. Senge akaivuta, akaongeza mapaja mawili. Mama akaniangalia. Macho yake ilikuwa na maji. Yule mwanamke alitembea na karai kichwani wiki sita, na sasa mtu anataka kumrudishia yote kwa siku moja, tena anacheka!

Nikanyakua ile sahani.

"Senge, unataka kumuua?"

Nikajua nimekosa. Kwetu ukisema hilo neno juu ya chakula ya mtu, hujamgombeza. Umemwita mchawi.

Senge akaweka mwiko chini. "Nimewekea mke wa ndugu yangu sumu? Siku ya Krismasi?"

Mama akanyoosha mkono haraka, akitaka kula yote, kusafisha jina ya wifi yake. Hapo hasira ikanipanda mara mbili.

"Mama, wacha!"

Mzee Josphat, bwana ya senge, akatoa kiko mdomoni. "Zilpa asiguse. Mdomo uliosema ndio utakula."

Basi nikala. Mapaja, supu, chapati, mpaka mifupa. Senge amesimama juu yangu kama askari wa forodha. Nilipomaliza akauliza, "Umekufa?"

"Bado."

"Ongeza."

Hiyo habari ilikimbia Bukhayo yote kuliko baiskeli. Kila nyumba tuliingia mpaka mwaka mpya, mama anakaa na kikombe ya maji, anasema, "Mimi nimekatazwa na daktari. Mdomo yangu ni huyu." Na wao, kwa kunikomesha, wananijazia. Nani angekataa? Nilikula na hasira, nikalala na hasira, tumbo imekaza kama ngoma.

Tarehe tano daktari akasogeza kile chuma ya mizani, akarudisha, akasogeza tena. Mimi sikupumua.

"Mia na tisini na nne. Mlazeni kitandani."

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, Senge Roselida akafika wodini na kikapu. Nesi akamwambia mgonjwa anakunywa uji mwepesi tu. Senge hakubishana, mara ya kwanza maishani mwake. Akamshika mama mkono, akakaa nao muda mrefu. Halafu akanigeukia, akanirushia kikapu.

"Wewe mdomo. Kula."

Mama akaanza kucheka, ameshika nyuzi za tumbo kwa mikono miwili. "Msinichekeshe, nitapasuka!"

Nikafungua kikapu. Kuku mzima. Suruali yangu ilikuwa imefungwa na kamba, kifungo iliruka tangu mwaka mpya. Nikamwangalia senge vibaya, nikaanza na paja.